Nyoka anayejijeruhi kila mara: urekebishe kizimba, umhamishe, umtenge au umpeleke kwa daktari?

Mchubuko wa pua unapona, nyoka anajivua gamba, magamba mapya yanatoka safi, na wiki chache baadaye pua ile ile ina damu tena. Au ni tumbo: alama nyekundu pale pale ilipokuwa mwanzo, usawa wa mkeka wa joto, ule wa umeme unaopasha sakafu ya kizimba. Mfugaji akifika hapa huwa na njia nne mbele yake. Anaweza kurekebisha kizimba alichomo nyoka, kumhamishia makazi ya aina nyingine, kumtenga kwenye boksi la uuguzi mpaka kidonda kifunge, au kumpeleka kwa daktari wa mifugo anayewajua watambaazi. Kila njia ina watetezi wake, na kila moja hushindwa ikitumiwa mahali si pake.

Nyoka hajiumizi kwa kukusudia. Anatafuta pa kutokea, anakimbia joto au analifuata, anajikuna, anamshambulia kiumbe anayemwona upande wa pili wa kioo. Jeraha ni matokeo tu. Ndiyo maana kabla ya kuchagua njia inafaa kwanza kulisoma jeraha lenyewe.

Jeraha liko wapi?

Mchubuko kwenye ncha ya pua unatokana na kusugua kioo, wavu au ukingo wa mlango. Wekundu, malengelenge au magamba ya kahawia tumboni mara nyingi ni moto wa chini. Yakiwa mgongoni au shingoni, ni moto wa taa. Fizi zinazovuja damu na meno yaliyong'oka humwandama nyoka anayepiga kioo kila mtu akipita. Alama za meno karibu na mkia mara nyingi ni zake mwenyewe. Magamba yaliyochubuka huku na huko bila mpangilio yakutie shaka ya utitiri, au gamba kuukuu lililonata kwa sababu hewa ni kavu.

Kwa pua kuna kipimo rahisi ambacho wengi hawakitumii. Jioni futa kioo chote mpaka king'ae. Asubuhi mulika tochi kutoka ubavuni: pua ya nyoka huacha michirizi ya unyevu, na utaiona imerundikana mahali pamoja. Ikiwa ipo kwenye ufa wa mlango, anafuata hewa inayoingia. Ikiwa ipo juu, usawa wa wavu, huko ndiko anakochubuka. Ikiwa imejaa upande wa baridi, ulio mbali kabisa na joto, kuna uwezekano mkubwa anakimbia moto. Na ikiwa ipo upande unaotazamana na kizimba cha nyoka mwingine au sehemu anakolala paka, basi sababu unaiona kwa macho yako. Fanya hivyo siku saba mfululizo, ukiandika pia joto la pande zote mbili, siku aliyokula na siku aliyojivua gamba. Karatasi hiyo moja itakusaidia kuliko ushauri wa watu kumi ambao hawajaona kizimba chako.

Vigezo vya kupimia njia zote nne

Tutaziuliza zote maswali yale yale. Inagusa chanzo au kidonda tu? Inafanywaje, hatua kwa hatua? Itachukua muda gani, na itamsumbua nyoka kiasi gani? Inakwamia wapi? Inamfaa nani? Swali la nne ndilo tunalolipa uzito zaidi, kwa kuwa jeraha linalojirudia maana yake ni kwamba kuna jambo limeshajaribiwa na likakwama.

1. Kurekebisha kizimba alichomo

*Inachogusa.* Chanzo, iwapo chanzo ni joto, uwazi au sehemu zinazokwaruza. Hayo matatu ndiyo huzaa michubuko na michomo mingi.

*Namna ya kufanya.* Anza na joto. Kipimajoto cha mviringo kinachobandikwa ukutani hukueleza habari za ukuta, hakikuelezi habari za nyoka. Tumia cha kidijitali chenye waya, na uweke ncha yake pale ambapo tumbo linagusa, upande wa joto kisha wa baridi. Chatu wa kifalme (Python regius) anahitaji takriban nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi upande wa joto na 24 hadi 27 upande wa baridi. Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus) na wale wa jenasi ya Lampropeltis (nyoka wafalme na jamaa zao) hutosheka na 29 hadi 31 upande mmoja na 22 hadi 25 upande wa pili. Sehemu yoyote anayoweza kuigusa ikipita nyuzi 35, punguza moto siku hiyo hiyo.

Pima na chini ya tandiko. Nyoka huchimba mpaka akafika kwenye sakafu, na hapo joto huwa limepita mbali lile ulilolisoma juu. Mkeka wa joto usizidi theluthi moja ya eneo la sakafu, na usiwashwe kamwe bila termostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto. Kihisi cha termostati kibandikwe katikati ya mkeka na sakafu, nje ya kizimba. Kikiwekwa ndani kikiwa huru, nyoka hukisogeza au hukikojolea. Kikishalowa au kikahama husoma baridi, termostati inaongeza moto bila kukoma, na asubuhi unakuta tumbo limeungua. Taa iliyo ndani izungushiwe kikapu cha waya ambacho nyoka hawezi kukikumbatia. Mawe ya joto ya umeme yaondolewe kabisa, maana hupata moto mahali pamoja kuliko pengine, na nyoka hukaa juu yake akiungua bila kuondoka. Mwili wake umezoea kupata joto kutoka jua na ardhi iliyopashwa taratibu, na akiwa na baridi ataendelea kulala juu ya kitu kinachomchoma.

Jambo la pili ni uwazi. Funika kioo cha nyuma na cha pembeni kwa karatasi nyeusi, kutoka nje. Kwa nyoka mkaidi funika na cha mbele, umwache hivyo wiki mbili, kisha uanze kufunua sentimita 5 kila wiki ukianzia juu. Weka maficho mawili kwa uchache, moja kila upande, yawe madogo kiasi cha mgongo wa nyoka kugusa kuta akijikunja. La tatu liwe na kuvumwani mbichi yenye unyevu, kwa ajili ya kujivua gamba. Jaza katikati kwa magome, matawi na majani ya plastiki, ili avuke kutoka joto kwenda baridi bila kujianika.

La tatu ni kingo. Wavu wa waya ulio juu ufunikwe kutoka ndani kwa kipande cha plastiki laini, ukiacha nafasi za hewa. Gundi za silikoni zilizokauka zikiwa na ncha zikatwe na kusawazishwa. Ukipaka silikoni mpya, nyoka asirudi mpaka harufu iishe kabisa, siku mbili au tatu au zaidi. Usibandike utepe wa gundi ndani ya kizimba hata kidogo: nyoka akinasa, utepe unang'oka na magamba yake.

*Muda na usumbufu.* Usumbufu ni mdogo kwa kuwa harufu na maficho ni yale yale. Marekebisho ya joto huonekana ndani ya siku chache, na ya kufunika kioo ndani ya wiki moja au mbili. Joto na kufunika vifanywe siku moja. Mengine yafuate moja moja kwa nafasi ya siku saba hadi kumi, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

*Inapokwamia.* Kizimba kikiwa kidogo kuliko nyoka, hakuna karatasi nyeusi itakayokirefusha. Inakwama pia kwa utitiri, kwa njaa, kwa dume aliye katika msimu wa kutafuta jike, na kwa nyoka anayeshikwa mikononi kila siku.

*Inamfaa* mfugaji ambaye hajawahi kupima joto la sakafu, mwenye kizimba cha kioo pande zote, na ambaye nyoka wake ana michubuko ya juu juu anayoendelea kula nayo kama kawaida.

2. Kumhamishia makazi mengine

*Inachogusa.* Chanzo, pale ambapo umbo la kizimba lenyewe ndilo tatizo. Hapa kuna pande mbili zinazopingana, na wafugaji hubishana sana juu yake: wengine hushusha ukubwa na kumweka nyoka kwenye beseni la plastiki lisiloonyesha, wengine hupandisha ukubwa.

Beseni lina hoja. Nyoka haoni watu wakipita, hana kioo cha kusukuma, unyevu unakaa, na chatu wa kifalme aliyekataa kula kwenye tangi la kioo mara nyingi hula akiwa humo. Hasara yake ni kwamba haliruhusu kujinyoosha, kupanda wala kuchagua. Nyoka wanaozurura mchana, wenye mwili mwembamba na mwendo wa kasi, wakifungiwa humo husugua pua zaidi ya mwanzo.

Kizimba kikubwa, ambacho urefu wake haupungui urefu wa nyoka mwenyewe, kinampa mahali pa kumalizia mwendo wake bila kugonga ukuta. Wapo wanaosema ukubwa humtia nyoka hofu. Tulivyoona, kinachomtia hofu ni utupu: kizimba cha mita moja na nusu chenye bakuli na ficho moja tu ni uwanja mtupu, lakini kikijazwa vizuri nyoka yule yule hutulia.

*Namna ya kufanya.* Washa makazi mapya yakiwa tupu siku tatu au nne, joto na unyevu vitulie kabla nyoka hajaingia. Hamisha naye ficho lake na konzi ya tandiko la zamani, isipokuwa kama kuna utitiri au kidonda chenye usaha. Hapo kila kitu kiwe kipya. Matundu ya hewa ya beseni yatobolewe kwa chuma cha kulehemu chenye moto, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje, ili plastiki iliyoyeyuka iote ncha upande wa nje. Anayetoboa kutoka nje anapanda misumari ndani, na pua itaikuta usiku wa kwanza. Pitisha kidole ndani kwenye kila tundu kabla ya kumwingiza nyoka, na upige msasa palipo na ukali. Kisha mwache bila kumshika siku saba hadi kumi na nne, na mlo wa kwanza uje baada ya wiki.

*Muda na usumbufu.* Usumbufu ni mkubwa kuliko njia zote tatu nyingine. Usiku wa kwanza na wa pili nyoka huzunguka kila pembe akijaribu pa kutokea, na huo ndio wakati wa kuchubuka. Usihukumu kabla ya wiki nne.

*Inapokwamia.* Kidonda kibichi. Ukimhamisha pua ikiwa bado inavuja damu, zile siku mbili za kuchunguza zitaivunja upya, na utadhani kizimba kipya ndicho kibaya. Inakwama pia kwa aliyenunua kizimba kizuri akakipachika mkeka ule ule usio na termostati.

*Inamfaa* nyoka aliyekua akakipita kizimba, au spishi ambayo tabia yake haiendani na makazi aliyomo: mwoga aliyewekwa penye mwanga na wapita njia, au mzururaji aliyebanwa.

3. Boksi la uuguzi nyumbani

*Inachogusa.* Kidonda peke yake. Hilo ndilo kosa lake na ndiyo faida yake: kidonda kinapata utulivu wa kufunga, nawe unapata muda wa kutengeneza kizimba bila nyoka ndani.

*Namna ya kufanya.* Chukua boksi la plastiki lisiloonyesha, lenye kuta laini na matundu yaliyosawazishwa. Tandika karatasi nyeupe za jikoni, zibadilishwe kila siku na kila zikichafuka. Machujo ya mbao na nazi iliyosagwa hayafai hapa kwa kuwa hunata kwenye kidonda. Ficho liwe la boksi la karatasi ngumu, litupwe likilowa. Bakuli la maji liwe dogo, la kunywea tu, asiweze kulala ndani. Kidonda kilicholoweshwa kwenye maji yenye kinyesi huoza. Joto la upande wa moto liwe kwenye kiwango cha juu cha spishi yake, kwani nyoka aliyepoa hapigani vizuri na vijidudu, lakini upande wa baridi ubaki.

Osha mara moja kwa siku kwa maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Pima kwa mzani. Kama unahitaji kuua vijidudu, povidoni-ayodini ya asilimia 10 ichanganywe sehemu moja kwa sehemu 10 hadi 20 za maji, mpaka iwe na rangi ya chai hafifu; iache dakika chache kisha uisuuze. Klorheksidini ya asilimia 2 ichanganywe mililita 1 na mililita 39 za maji, upate asilimia 0.05, na isikaribie macho wala kuingia mdomoni. Kwa pua, ambako mdomo uko jirani, maji ya chumvi ndiyo salama. Kausha kwa kugusisha shashi, usisugue. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua hata nyama mpya inayoota. Krimu zenye dawa ya ganzi, zile ambazo jina la kiungo chake huishia na "-kaini", ziepukwe kabisa.

Gaga lisibanduliwe. Litatoka lenyewe na gamba, na likibanduliwa linarudisha kidonda mwanzo. Nyoka akianza kufifia rangi na macho kuwa ya kibuluu, weka karatasi yenye unyevu ndani ya ficho moja tu, boksi lingine libaki kavu.

Nyoka mzima mwenye mwili mzuri anaweza kuahirishiwa mlo wiki moja au mbili pua ikiwa mbichi. Akirudi kula, mpe windo lililokufa, dogo kuliko kawaida, kwa koleo ndefu.

*Muda na usumbufu.* Mchubuko wa juu hufunga wiki mbili hadi nne. Ulioingia ndani huhitaji kujivua gamba mara mbili au tatu kabla magamba hayajasawazika, na mengine hubaki na kovu. Kushikwa kila siku kunamchosha nyoka, kwa hiyo uoshaji usizidi dakika tano.

*Inapokwamia.* Kidonda kikifunga, nyoka anarudishwa kwenye kizimba kile kile na kioo kile kile. Hapa ndipo duara la kujirudia huzaliwa. Hukwama pia pale mfugaji anapoendelea kuosha wiki baada ya wiki kidonda ambacho kimeshaingia mfupani.

*Inamfaa* mwenye kidonda kibichi, kidogo, kisicho na usaha, na mwenye nafasi ya kutengeneza kizimba wakati huo huo.

4. Daktari wa mifugo

*Inachogusa.* Kidonda kirefu, na vyanzo ambavyo havionekani kwa macho: minyoo, maambukizi ya mdomo, mfupa wa taya ulioharibika, sumu, ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

Hili la mwisho lastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu wafugaji hulichelewesha sana. Nyoka anayegonga kuta kwa kuwa hawezi kuongoza kichwa chake haponi kwa karatasi nyeusi. Kati ya boa na chatu upo ugonjwa wa virusi vya jamii ya reptarena ambao huacha vijibonge ndani ya seli. Boa anaweza kuishi nao muda mrefu. Chatu huporomoka haraka, akitazama juu bila sababu, akijipinda, akishindwa kujigeuza. Hauna tiba, na nyoka wengine lazima watengwe naye mara moja. Chatu wa kifalme wa rangi iitwayo spider huzaliwa na mtikisiko wa kichwa unaofuatana na kinasaba cha rangi hiyo hiyo. Nao hautibiki, ila huongezeka akiwa na hofu, na nyoka huyo hukosea shabaha akagonga kuta na vyombo wakati wa kula. Dawa za kuulia wadudu zilizopulizwa chumbani zinaweza kuleta mtetemo na kupinduka vilevile, nazo zikijulikana mapema zina matibabu.

*Namna ya kufanya.* Uliza kabla ya kwenda kama daktari hutibu nyoka mara kwa mara. Mbebe nyoka ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa, uliowekwa kwenye boksi gumu, joto lisishuke chini ya nyuzi 24. Asiwe amekula siku za karibuni, asije akatapika njiani. Chukua ile karatasi ya kumbukumbu, picha za kizimba kizima, picha za jeraha zikiwa na rula pembeni, kinyesi kibichi kwenye chupa, na majina ya kila dawa na kemikali iliyotumika nyumbani.

Daktari atafungua mdomo, anaweza kupiga eksirei ya taya, kupangusa kidonda kwa usufi ili kujua ni bakteria gani, na kupima kinyesi. Mchomo mkubwa unahitaji maji mwilini na dawa ya maumivu pamoja na antibiotiki. Moja inayotumika sana kwa nyoka ni sindano ya ceftazidime, inayotolewa kila baada ya saa 72, na mfugaji mara nyingi hufundishwa kuichoma nyumbani. Dawa za maumivu za binadamu usimpe.

*Muda na usumbufu.* Safari na sindano vinamchosha, na matibabu ya maambukizi hudumu wiki kadhaa. Ni njia yenye gharama kuliko nyingine, lakini ndiyo pekee inayojibu swali la kama kuna kitu ndani.

*Inapokwamia.* Dawa nzuri, kizimba kile kile. Mwambie daktari akague picha za kizimba, si nyoka tu.

*Inamfaa* bila kusubiri: mfupa unaoonekana, usaha mgumu kama jibini mdomoni, mdomo usiofunga, malengelenge tumboni, harufu mbaya, uzito uliopungua kwa asilimia 10, na nyoka ambaye ukimlaza chali hajigeuzi.

Kwa hali yako

*Pua, mchubuko mkavu, nyoka anakula.* Njia ya kwanza, na usimtoe kizimbani. Kipimo cha tochi ndicho kitakachoamua uanze na joto, mlango au karatasi nyeusi. Ikipita mizunguko miwili ya kujivua gamba na michirizi bado ipo pale pale, fikiria makazi mapya.

*Pua inavuja damu au nyama imeonekana.* Boksi la uuguzi leo, kizimba kitengenezwe akiwa nje. Wiki moja bila nafuu, daktari.

*Tumbo limeungua.* Zima mkeka kwanza. Wekundu tu bila malengelenge unaweza kuuguzwa nyumbani, lakini mchomo huonyesha ukubwa wake halisi baada ya siku kadhaa, kwa hiyo kagua tumbo kila siku. Lengelenge moja likitokea, ni kazi ya daktari. Asirudi kizimbani kabla hujaiona termostati ikishikilia joto lile lile saa 24 nzima.

*Anauma au kumeza mkia wake.* Hii hutokea zaidi kwa jenasi ya Lampropeltis, ambao porini hula nyoka wengine, na huchochewa na joto kali, njaa, harufu ya windo mwilini au kizimba kidogo mno. Usivute. Meno yamepinda kuelekea koo, na ukivuta unachana nyama. Mtoe kwenye joto, umweke penye ubaridi wa wastani, umlaze kwenye maji ya kina kifupi yasiyo ya baridi kali, pua ikiwa juu. Asipoachia, sogeza kichwa mbele kidogo, kuelekea kule meno yanakoelekea, kisha uinue taya. Tone la jeli ya kuoshea mikono yenye alkoholi kando ya mdomo humfanya aachie. Lisiingie kooni, na mdomo usuuzwe mara moja. Kisha daktari auone mkia. Baada ya hapo punguza joto, gawa milo iwe midogo na ya karibu karibu, na mwoshe harufu ya windo.

*Anapiga kioo.* Funika mbele, mhamishe mbali na njia ya watu. Kagua fizi kila wiki. Wekundu na ute mzito ni dalili za mdomo kuanza kuoza.

*Anasugua mwili mzima, na hukaa kwenye bakuli la maji mchana kutwa.* Mpanguse kwa karatasi nyeupe yenye unyevu, hasa chini ya kidevu na kuzunguka macho. Nukta nyeusi zinazotembea ni utitiri. Karatasi za jikoni zichukue nafasi ya tandiko, kizimba kisafishwe chote, na dawa ichaguliwe na daktari, kwa sababu nyingi za madukani zina sumu kwa nyoka mdogo.

*Dume anayechubuka kila mwaka msimu ule ule, huku akikataa chakula.* Anatafuta jike. Hakuna njia itakayomzuia kabisa, lakini ukijua mwezi anaoanza, bandika karatasi nyeusi na ujaze kizimba wiki tatu kabla, ondoa jike aliye chumba kimoja naye, na umpime uzito kila wiki mpaka arudi kula.